Radhi ya Jumbe Kitwana

Hadithi yaja!
— Na ije, tumekaa!
Mwaitaka tamu, au mwaitaka ilivyo?
— Ilivyo!

Basi hapo kale, katika mji wa Tindemu, palikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Siwazuri. Alikuwa Mmirondo. Babu zake Wamirondo walihamia Tindemu mwaka wa njaa, wakalima, wakaoa, wakazikana na wenyeji. Na Tindemu nzima, jamani, ilipikia vyungu vya Siwazuri.

Mji ulikuwa na jumbe, Kitwana. Jumbe wa huko huchaguliwa: siku ya kura, wanaomtaka hupanga mstari nyuma yake, wasiomtaka hukaa chini; waliokaa wakizidi, huvuliwa ujumbe. Kura zilipokaribia, Kitwana akapanda kichuguu sokoni, akapaza sauti:

"Wamirondo ni kunguni! Ukimkaribisha mmoja kitandani, kesho ni ukoo mzima. Na dawa ya kunguni ni nini?"

"Maji ya moto!" watu wakaitika. Wakacheka. Siwazuri alikuwa papo hapo, chungu mkononi. Akamwona Mashavu, jirani waliyeombana naye chumvi miaka ishirini, naye anacheka.

Jioni ile vijana wakaja kwa Siwazuri. Wakavunja vyungu, wakabomoa tanuri, wakammwagia mumewe maji yanayotokota mgongoni. Mnasikia, wenzangu? Maji ya moto. Neno lilitoka kinywani mwa mtu, likatua mgongoni mwa mtu.

Wazee wakamjia juu Kitwana: aombe radhi!

Mara ya kwanza akasema, "Ulimi hauna mfupa." Akaenda zake.

Mara ya pili akasema, "Nilitania tu. Mbona hata nyumbani kwangu tunapikia vyungu vya Wamirondo?"

Mara ya tatu akashika kifua, akalegeza uso. "Kama kuna mtu aliyeudhika, basi namwomba radhi."

"Kama?" Siwazuri akauliza. "Mume wangu analalia tumbo mwezi wa pili huu. Kama?"

"Yaliyopita si ndwele, mama," akajibu Jumbe. "Tugange yajayo."

Siku ya kura ikawadia. Kitwana akasimama, akageuka nyuma. Lo! Mstari mfupi kama mkia wa mbuzi. Wamirondo wote wamekaa chini, na wenyeji wengi, aibu imewashika, wamekaa nao.

"Mbona hamji?" akafoka. "Si niliomba radhi?"

Siwazuri akainuka. "Uliomba, Jumbe. Nasi tunakupimia kwa kibaba chako. Kama kuna mtu aliyekuchagua, basi umeshinda!"

Watu wakaangua kicheko. Waliosimama wakahesabiwa, hawakufika hata kumi. Kitwana akaondoka hapo si jumbe tena.

Lakini Siwazuri hakucheka. Akawageukia.

"Mnacheka tena? Hata siku ile mlicheka vivi hivi. Kitwana alitoa neno. Maji aliyachemsha nani?"

Akauliza tena.

Mara ya tatu, Mashavu akasimama. "Mimi nilicheka, Siwazuri, huku nakuona. Na maji yale yalichemshiwa jikoni kwangu. Niliwaona vijana, nikanyamaza. Nimekukosea wewe na mumeo."

Siwazuri akamkazia macho. Hakusema amesamehe.

"Kesho asubuhi uje," akasema. "Kidonda chake huoshwa kila siku. Utakiosha wewe."

Na kulipokucha, Mashavu akabisha hodi.

Mimi naitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyewashwa nayo ajikune.
— Tumeibeba!