Fisi, Piko na Gunia la Karanga

Paukwa!
Pakawa!
Kichwa kimeota mvi?
Kipakwe!
Na piko likishika uso?
Mwite Bi Kindi!

Haya. Kuna jambo nimelifikiria miaka mingi na sijalipatia jibu: kwa nini mwenye meno ya kuvunja mifupa aogope unywele mmoja mweupe?

Fisi aliuogopa. Alasiri ile wakwe walikuwa wanakuja kumtazama, na shingo yake ilijaa mvi. Basi akaenda kwa Bi Kindi, msusi wa msitu. Kabla ya salamu akapita stoo, akatoka na gunia la karanga ambalo Bi Kindi aliwawekea wanawe kwa ajili ya kiangazi.

"Wageni wangu watatafuna nini?" akasema. "Haya, nipake piko, mvi ziwe nyeusi."

Bi Kindi akalitazama gunia, akawatazama wanawe. Bila karanga zile, kiangazi kisingewaacha hai. Akaleta kibakuli cha mafuta ya nazi.

"Kwanza tupake mafuta pembeni mwa nywele, piko lisishike ngozi."

Fisi akanusa. Lap, lap, lap! Kibakuli kikang'aa.

"Matamu. Endelea."

Bi Kindi akaendelea. Piko likashika nywele, likashika paji la uso, likashika masikio, likashika pua. Fisi akajitazama kwenye karai la maji.

"Uwii! Nimekuwa sufuria la kuni!"

Akasugua kwa majani: kwaru, kwaru! Halikutoka. Akasugua kwa mchanga: kwaru, kwaru! Halikutoka. Ngozi ikamwasha, doa likabaki palepale.

"Litoe, Kindi, au nakula wewe na wanao!"

"Usijichubue, baba. Doa hubembelezwa. Linataka mafuta, kitambaa na subira. Ila safari hii nusu nitakupaka, nusu utayashika mdomoni. Ukimeza, doa linarudi."

Fisi akajaza mdomo. Mashavu, puu! Bi Kindi akampaka mafuta, akangoja, akapangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni, taratibu, sii, sii. Akapaka tena, akapangusa tena. Paji la uso likatakata, kisha pua. Doa la sikio la mwisho lilikuwa linafifia waliposikia, "Hodi!"

Wakwe walikuwa wamemfuata hukohuko, shangazi wa bibi harusi mbele. Na desturi yao ni hii: bwana harusi hasemi mbele ya wakwe, husemewa.

"Nani msemaji wake?" akauliza shangazi.

"Mimi hapa," akasema Bi Kindi, kitambaa mkononi.

"Mbona mashavu yamemjaa?"

"Haya, shangazi. Ana haya sana."

"Mh! Siku hizi wapo? Na gunia hilo?"

"Karanga za watoto wa jirani yake. Anasema hali chochote mpaka amewabebea mwenyewe hadi stoo, nanyi mkiona."

Fisi akatoa macho. "Mmm! Mmm!"

"Sikieni anavyosisitiza!"

Shangazi akapiga kigelegele. "Mume ndiye huyu!"

Funzo lake, wanangu: usimsemee mtu asiyekutuma. Na mafuta ya nazi ni ya kulamba, yasiharibikie ngozini.

Ngano yangu inakomea mlangoni mwa stoo. Wakwe waliamua karanga ziingie ndani kabla hata ya kukaribishwa kukaa, na aliyezibeba ni bwana harusi mwenyewe, uso safi, mdomo umejaa.