Kitanda Kimoja, Swali Moja

Hapo zamani, chuo cha wakunga kule milimani kilipokuwa na vitanda ishirini tu vya wanafunzi, kilibaki kitanda kimoja kitupu. Wachuma chai watatu wakakitaka: Subilaga, Sekela na Tumpe.

Kila mtu aliijua desturi ya Bibi Mkuu wa chuo. Mwisho wa usaili huvua miwani, akasema, "Sasa niulize wewe." Asiye na swali zuri hurudi shambani.

Basi wakawa wanachuma chai na kuchuma maswali. Sekela ndiye aliyeyachambua.

"Tutakula mara ngapi kwa siku?" akajaribu Tumpe.

"Jani gumu hilo. Tupa!"

"Chuo kilianza mwaka gani?"

"Imeandikwa getini. Tupa! We Tumpe, unataka ukunga au unataka ugali?"

Walicheka, lakini mikono haikutulia. Usaili ulikuwa keshokutwa, mara ukawa kesho, na swali hawana.

Hapo Subilaga, ambaye hakuwa msemaji, akasema, "Dada yangu alifia palepale chuoni, katika chumba cha kujifungulia. Walimu walikuwa wamekwenda kula. Alibaki na mwanafunzi mmoja, naye alilia tu. Hakujua amwite nani."

Hakuna aliyechuma tena. Sekela akalichukua jambo lile, akalipunguza huku, akalipunguza kule, hadi likawa hivi: "Mwanafunzi akiwa peke yake na mzazi aliyezidiwa, anamwita nani, na huyo anafika baada ya muda gani?"

"Hilo ni lako, Subilaga," akasema. "Mimi na Tumpe tutafute mengine."

Walitafuta. Hawakupata.

Siku ya usaili wakakaa kwenye benchi. Tumpe alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena. Subilaga akaitwa kwanza. Akatoka macho mekundu.

"Aliposema nimuulize, nilimwona dada. Nikajibu sina swali."

Akaitwa Tumpe. Miwani ikavuliwa. Tumpe, mkono mtupu, akauliza swali la Subilaga.

"Hakuna anayeitwa," akasema Bibi Mkuu. Papo hapo akaagiza kengele ifungwe katika chumba cha kujifungulia. Tumpe akatoka akawasimulia wenzake, nao wakaisikia ikijaribiwa.

Akaingia Sekela. "Sina swali jingine, Bibi," akasema. "Hilo lililoleta kengele nililitunga mimi, kutokana na msiba wa Subilaga."

Bibi Mkuu akawaita wote watatu.

"Swali lilitoka kaburini kwa dada yangu," akasema Subilaga. "Nani mwingine aliyelilipia?"

"Kilio si swali, mwenzangu," akasema Sekela. "Mimi ndiye niliyekipunguza mpaka kikawa swali."

"Na lingerudi nanyi shambani!" akadakia Tumpe. "Subilaga alilimeza. Mimi nililitoa, na kengele mmeisikia."

"Ulilitoa bila hata kuomba!" akasema Subilaga.

"Ningeomba saa ngapi, nami nimeshakalishwa kitini?"

Bibi Mkuu akavaa miwani, akachovya kalamu, akaishika juu ya daftari. Kitanda ni kimoja. Wasichana watatu wanaitazama ncha ya kalamu.

Wewe unayenisikiliza, wino usije ukakauka: kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?