Uyoga Ambao Hakuna Aliyeugeuza

Wapendwa, sitasimama hapa muda mrefu. Nina mfano mmoja tu.

Kulikuwa na kijiji kando ya msitu. Mvua za kwanza zikinyesha, watu wa pale hula uyoga. Desturi yao ilikuwa hii: mpishi anaumwaga uyoga kwenye ungo, anakaa mlangoni penye mwanga, anaugeuza mmoja mmoja na kutazama shina. Ukiwa na kifuko cheupe chini, anautupa, kwa sababu huo unaua. Binti hakuolewa kabla mama yake hajaridhika kwamba anajua kuchambua.

Akatokea mama mmoja mchumaji. Aliujua msitu ule vizuri, na uyoga wake ulikuwa mtamu. Watu wakamsifu mpaka vijiji vya mbali. Kidogo kidogo wapishi wakaacha kuchambua. "Huu ni wa kwake," wanasema, na kapu zima linaingia chunguni.

Siku moja mke mmoja kijana alileta nyumbani kapu la uyoga huo. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea. Maji yanachemka, watoto wanamvuta mama yao sketi. Yule mke akachukua ungo, akakaa mlangoni.

"Unatafuta nini humo?" mama mkwe akauliza.

"Nautazama tu, mama."

"Uyoga wa yule mama? Kijiji kizima kinakula, wewe peke yako ndiye mwenye macho?"

"Hapana, mama. Ni mazoea tu."

"Mazoea ya kudharau watu. Majirani wakikuona, uso wangu nitauweka wapi? Tia chunguni, wajukuu wangu wana njaa."

Wewe ungefanya nini? Mkwe amekukazia macho, mtoto analia. Yule mke aliinamisha kichwa akaendelea kugeuza. Mzuri. Mzuri. Mzuri tena. Katikati ya kapu akashika mmoja wenye kifuko cheupe. Chini yake kulikuwa na mwingine. Mama mkwe akasogea, akatazama, akawavuta wajukuu wake karibu.

Yule mke kijana akaacha ungo pale pale, akakimbia kwa mchumaji amwambie awaonye watu. Mnadhani alimkuta wapi? Alimkuta jikoni kwake, watoto wake wamezunguka sinia la ugali na uyoga ule ule, na mdogo wao ameshainua tonge. Akalipiga sinia likamwagika.

"Umerukwa na akili?" mchumaji akasema.

"Dada, huu uliugeuza?"

Mchumaji akatazama chini, chakula kilipomwagika.

"Siku hizi watu ni wengi," akasema. "Nachuma mbiombio, na mwingine naletewa tu. Sikupata nafasi. Lakini wote walichukua tangu asubuhi, na hakuna aliyerudisha. Nikajua ni mzima."

Wakatoka nje. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kila jiko. Wanawake wale wawili wakaanza kukimbia nyumba kwa nyumba, na sehemu nyingine walikuta chungu kimeshaepuliwa.

Mmemsikia yule mchumaji? Kijiji kilimwamini yeye, naye aliamini kijiji. Basi nani alitazama?

Na sisi je? Tunaye mhubiri anayejaza uwanja. Mahubiri yake tunayo kwenye simu, picha yake tumeibandika ukutani. Akisema mtoto asipelekwe hospitali, tunasema amina kabla hajafunga mdomo. Akisema mama yako mzazi ndiye aliyekuroga, tunarudi nyumbani na kumfungia mlango. Nani amekaa mlangoni na Neno la Mungu, akaligeuza lile alilosikia? Tunaogopa kuonekana tunamdharau mtumishi. Naye akiona tunavyopiga makofi, anadhani Mungu ndiye aliyekubali. Hivyo tunamlisha yeye sumu, naye anatulisha sisi.

Sikusema tusiwasikilize wahubiri. Yule mke kijana hakuacha kula uyoga. Nasema ungo usikae ukutani. Anayempikia mtoto wako ni wewe, na siku ya hesabu Mungu atakuuliza wewe, hatamuuliza mchumaji peke yake.

Na haya niliyosema mimi leo, msiyameze hivi hivi. Nendeni nayo nyumbani, mkae penye mwanga, myageuze.