Siwa Iliyogoma Kulia

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mmefunga? Paukwa!
Pakawa!
Kawa la nini?
La pilau!
Aliyepika?
Hakula!
Aliyekula?
Hakupika!
Haya, sogeeni. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Hapo zamani za kale, tena si za kale sana, palikuwa na mji ukiitwa Magongeni. Mji ule ulikuwa na mashamba ya chumvi kando ya bahari. Mapana, mazuri, yamelala bure. Ulikuwa na vijana pia. Wengi, wazima, nao wamelala bure. Mashamba hayana watu, watu hawana mashamba! Mimi mwenzenu hesabu zilinishinda, lakini hiyo hata mimi naiona. Wazee wa baraza hawakuiona.

Kijana wetu ni Shekue. Mama alikuwa naye, nguvu alikuwa nazo. Kazi hakuwa nayo.

Akaenda barazani. "Shikamooni, wazee wangu."
"Marahaba, mwanetu."
"Naomba kazi kwenye chumvi."
"Umewahi kuvuna chumvi?"
"Bado."
"Basi rudi ukiwa na uzoefu."
Uzoefu! Mtu hajaonyeshwa maji, anaulizwa kama ajua kupiga mbizi.

Akaenda mara ya pili, na wenzake, Mwanatumu na Badi. "Wazee wetu, basi tufundisheni."
"Nani anawajua hapa?"
"Nyinyi wenyewe mliotuzaa!"
Wakafukuzwa kwa utovu wa adabu.

Wakaenda mara ya tatu. "Kazi hakuna, haya. Tupeni basi nafasi ya kusema barazani."
Liwali Mbaruku, mkuu wa mji, akapapasa ndevu. "Wanangu, nyinyi ni viongozi wa kesho."
Kesho ikafika. Wakaambiwa kesho.

Sasa sikilizeni ada ya mji ule. Baraza lilifunguliwa kwa siwa, ile pembe kubwa ya shaba, na lilifungwa kwa siwa. Siwa isipolia mara ya pili, hatoki mtu, hali mtu, na neno lililokatwa halishiki. Na siwa yataka kifua. Wazee pumzi zao zilikuwa zimeishia kwenye maneno, kwa hiyo mpulizaji alikuwa Shekue. Anafungua, anatolewa nje. Anaitwa, anafunga, anatolewa nje. Ujira wake? Ahsante.

Siku moja akaja mgeni tajiri. Shekue akafungua baraza, akatoka. Uani, Badi akichochea moto, Mwanatumu alikuwa anapika pilau ya wazee, chini ya dirisha. Masikio yake hayakuwa kwenye sufuria.

"Shekue," akanong'ona, "chumvi inakwenda! Wanampa mgeni mashamba yote, mpaka wajukuu zetu wazeeke. Naye anakuja na watu wake wa kazi."

Shekue akapiga hesabu. Ikienda chumvi, imekwenda na riziki yake.

Ndani wakaita, "Shekue! Funga baraza, pilau inapoa!"

Akaingia. Akaishika siwa. Akatunisha mashavu. Fuuu! Kimya.
"Wazee wangu, leo pumzi hamna. Labda kesho."

"Badi!" akaita Liwali. "Njoo upulize wewe!"
"Mimi? Nani ananijua hapa?"
"Mwanatumu!"
"Sina uzoefu, mzee wangu."

Mzee Tambwe akasema, "Leteni hapa!" Akapuliza. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Mzee Sefu akapuliza. Meno hana, upepo wote ukapitia pembeni. Liwali mwenyewe akainuka, akajikaza, akavimba. Sauti ikatoka. Lakini haikutoka kwenye siwa!

Msicheke sana, ni mkuu wa mji yule.

Harufu ya pilau ikaingia dirishani. Jua likageuka. Matumbo yakaanza kuzungumza barazani bila kuomba ruhusa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku ile wakajuana.

Liwali akamvuta Shekue pembeni. "Mwanangu, puliza. Nitakufanya msimamizi wa chumvi ya mgeni. Uketi nasi humu. Wewe peke yako. Mama yako atapumzika."

Nisiwafiche, alitamani. Nani asingetamani? Alimfikiria mama yake, akaiinua siwa mpaka mdomoni. Kisha akawatazama wenzake pale mlangoni. Akaishusha.

"Liwali," akasema, "nikiingia peke yangu, mtakuwa mmeongeza mzee mmoja tu."

"Mnataka nini, basi?"

"Mashamba yabaki ya mji, tuyalime sisi. Mtufundishe. Na tukae humu ndani mnapotusema."

Mgeni akawa wa kwanza kusema, "Wapeni! Mimi nina njaa!" Mtaka cha mvunguni huinama. Liwali akainama. Neno likakatwa, vijana wakaketi mkekani, na ndipo siwa ikalia. Ililia mpaka kuku wakakimbia.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Chumvi ya kwanza ilitoka na matope. Ya pili ikanyeshewa. Mzee Sefu, asiye na meno, akaja na mkongojo wake akawaonyesha pa kuzibia maji. Ya tatu ikatoka nyeupe, na mama yake Shekue akatembea nayo nyumba kwa nyumba akigawa, kama mtu aliyezaa tena.

Baraza lililofuata, Shekue akasimama kusema. Akataka faida ijenge ghala. Mzee Tambwe akaruka, "Ghala la nini? Kwanza kisima!" Wakabishana. Mwanatumu naye akawapinga wote wawili. Wakabishana mpaka adhuhuri, na Shekue akashindwa, kisima kikapita.

Alitoka nje anacheka peke yake. Mama yake akauliza, "Mwanangu, si umeshindwa? Wacheka nini?"

"Mama," akasema, "wamenipinga! Miaka yote wananiambia ningoje. Leo wamenipinga!"

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, mpelekeeni na jirani. Ikiwa chungu, itieni chumvi wenyewe.