Koti la Singano

“Maziwa hayafui koti.” Mmeisikia leo pale langoni mkaangua kicheko, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, wekeni chini hizo skrepa za kukwangulia rangi mnisikilize. Chanzo chake hakichekeshi hata kidogo.

Hapa Tanga palikuwa na fundi rangi akiitwa Singano. Mkono wake ulisifika, na koti lake pia. Enzi hizo koti la fundi rangi halikufuliwa ng’o! Kila jengo liliacha doa lake, na fundi akienda kuomba kazi alimgeuzia tajiri mgongo ajisomee: hii bluu ya shule, hiki kijani cha msikiti. Ukija na koti safi, uliambiwa umejifunza kazi jana. La Singano lilikuwa limekakamaa kwa madoa ya miaka ishirini, naye alilionea fahari kuliko vyeti vya watu wengine.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Mwantumu, na binti yao, Tunu. Walimpata baada ya miaka tisa ya kuhangaika kwa waganga na madaktari. Hawakuwa na mwingine.

Ikaja kazi ya kukwangua rangi kuukuu kwenye ghala kongwe. Rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Msimamizi wao, Mhina, aliwaambia siku ya kwanza: barakoa usoni, maji na sabuni vile pale, na nguo za kazi zinabaki hapahapa.

Barakoa Singano alivaa. Lakini kuacha koti? “Lilale na panya?” aliuliza, wenzake wakacheka. Isitoshe, alikuwa na kinga aliyorithi kwa mafundi waliomtangulia. Waliamini kwamba ukinywa maziwa baada ya kazi, vumbi lote linatoka mwilini. Basi kila jioni alinunua pakiti, akanywa nusu, nusu akampelekea Tunu. Alijua kuna vumbi linalomfuata nyumbani. Alijua, wanangu, ndiyo maana akampa mtoto dawa.

Tunu alikuwa na mwaka na nusu, na neno lake la kwanza lilikuwa “maja”, yaani maziwa. Akisikia ndala za baba yake tu, mbio mlangoni: “Maja! Maja!” Singano alimbeba, naye akazika uso kwenye koti. Akishiba, alilala juu ya hilohilo koti mkekani.

“Baba Tunu, koti linapukutisha vumbi hilo,” Mwantumu alisema. “Nipe nilifue.”

“Ukilifua, umenifuta mimi, Mama Tunu.”

Mwezi wa nne wa kazi hiyo mtoto akaanza kulia tumbo. Chakula kikamshinda, akanywea. Kisha maneno yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine, mpaka “maja” nayo ikaisha. Singano aliogopa sana. Akaongeza maziwa, sasa pakiti nzima.

Walipompeleka hospitali, damu ikapimwa. Daktari, mama wa makamo, aliwaita ndani majibu yalipotoka.

“Nani kwenu anafanya kazi ya rangi?”

“Mimi, dokta.”

“Nguo za kazi unabadilishia wapi?”

Singano alijitazama. Alikuwa amelivaa lile koti, na Tunu amelala kifuani juu yake.

“Nampa maziwa kila siku, dokta. Pakiti nzima!”

“Maziwa ni chakula kizuri, baba. Sumu hii hayaitoi. Damu ya mtoto imejaa madini ya risasi. Mtoeni kwanza hapo kifuani.”

Mwantumu akamnyakua mwanawe. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

“Nilikuomba nilifue,” alisema. “Wewe ukaniletea maziwa. Maziwa hayafui koti, Baba Tunu.”

Singano alilivua koti palepale, akalifunga kwenye mfuko, akampelekea Mhina likatupwe pamoja na taka za sumu. Tumbo la Tunu lilipona na mwili ukarudi. Maneno hayakurudi.

Yule mzee wa langoni anayewakatalia kutoka na nguo za kazi, mliyempungia pakiti zenu za maziwa mkisema mmeshajikinga, ndiye Singano. Tunu sasa ana miaka kumi na tisa. Jioni akisikia ndala, bado hukimbia mlangoni. Baba yake hufika ameoga, shati safi, pakiti mkononi. Hampi upesi. Husimama kidogo, labda leo atalisema lile neno lake. Tunu hunyoosha mkono tu.

Basi nendeni mkavue, mkaoge. Maziwa hayafui koti.