Siku Bi Somoe Alipoufunga Mlango wa Chuo

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Basi yategeni, maana haya niliposimuliwa na bibi yangu, usingizi ulinikimbia.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na mwalimu akiitwa Mbwarali. Watoto wake wa chuo cha Kurani walikuwa sabini. Sabini! Chumba kimoja, mwalimu mmoja. Waliingia jua likichomoza, wakatoka jua likizama. Mwalimu alikula amesimama. Huku anasahihisha mbao za kuandikia, huku anaamua ugomvi, huku anapaza sauti kuzishinda sauti zao.

"Alifu! Bee! Tee!"
Na bakora ukutani: cha! cha! cha!

Kijijini hapo aliishi Bi Somoe. Zamani naye alisomesha, kisha akaacha ghafla. Hakuna aliyejua kwa nini. Siku moja, adhuhuri, alimpelekea mwalimu bakuli la uji. Akachungulia ndani. Bakuli likamponyoka. Pwaa!

Nyuma kabisa, nyuma ya migongo ya wenziwe, mtoto wa kike alikuwa amelala chali, macho yamegeuka meupe, mwili unawaka moto. Na wenziwe wanasoma tu. "Alifu! Bee! Tee!"

Bi Somoe akambeba. "Mwalimu, huyu ameanguka tangu lini?"
"Sijui, bibi."
"Mtoto wa nani?"
Mwalimu akainama, akamtazama mtoto usoni.
"Jina lake nani?"
Miaka miwili mtoto yule alikaa mbele yake, na jina halikuja. Mwalimu akaketi chini, pu!

Wazazi wakaja mbio. Mama akampokea mwanawe, akaanza kummwagia maji. Baba akanyanyua rungu.
"Atoke! Mwalimu gani huyu? Atoke leo leo!"

Bi Somoe akaufunga mlango wa chuo, mwalimu akiwa ndani. Akasimama mbele yake.
"Wangu hakuamka," akasema.
"Nani, bibi?"
"Mwanafunzi wangu. Alikaa nyuma vilevile. Nilikuwa na watoto hamsini, nimechoka, sikumwona mpaka jioni. Nikawaambia alianguka njiani akirudi kwao. Niliwadanganya. Miaka thelathini."

Watu wakaduwaa. Rungu likashuka lenyewe. Kati yao mzee mmoja, Mzee Vuai, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto yule aliyekufa alikuwa wake.

"Somoe," akasema, "ungeniambia."
Akageuka, akaenda zake.

Bi Somoe machozi yakamtoka, lakini hakuondoka mlangoni. "Mimi nifanyeni mtakavyo. Ila huyu mkimfukuza, atakayekuja mtampa watoto wangapi?"
Wazazi wakaketi pale mlangoni, wakashauriana.

Chuo kikafungwa siku tatu, mpaka mtoto alipoinuka na kuomba chakula. Jina lake Mwanaidi. Kilipofunguliwa, wadogo walisoma asubuhi, wakubwa alasiri. Katikati mwalimu alikwenda kwake, akala, akajinyoosha. Wadogo Bi Somoe alisaidia kuwasomesha. Na kabla ya herufi yoyote, mwalimu alizunguka chumba kizima, akamwita kila mtoto kwa jina, akamtazama usoni.

Mzee Vuai hakusema tena na Bi Somoe. Lakini siku Bi Somoe alipofariki, watu walipofika makaburini na majembe, walimkuta ameshaanza kuchimba. Peke yake.

Wenzangu, mtu aliyechoka kupita kiasi haoni, hata awe na moyo mwema. Msimwachie mmoja watoto wa kijiji kizima, kisha mkaja kumuuliza kwa rungu.

Hadithi yangu naitua hapa. Ibebeni.