Kumtoa Marehemu Pichani

Saa tatu asubuhi Profesa, kama walivyomwita ndugu yake marehemu, alikuwa anapakua programu ya nne ya kuhariri picha, na mjane wa marehemu, nyuma yake, alikuwa amekalia ukingo wa kitanda kama aliyekalia makaa. Duka la kuchapisha mabango, walikotaka kuikuza picha ya marehemu, lilikuwa likifunga saa saba. Saa nane meneja wa kiwanda angetoka langoni kuwatangazia waandishi wa habari kwamba marehemu, aliyenaswa na umeme kiwandani humo, hakuwa mfanyakazi wake, bali mpita njia aliyejiingiza ndani akagusa nyaya zisizomhusu.

Mpita njia! Miaka kumi na moja ya kupanda ngazi za kiwanda kile, leo ni mpita njia.

Ushahidi ulikuwa picha moja tu. Marehemu, fundi umeme, amesimama kando ya mashine akicheka, begani bunda la waya lenye nembo ya kiwanda. Taabu ni kwamba wenzake saba walikuwa wamembana kushoto na kulia, na wote bado walikuwa kazini pale. Kuwafunika nyuso hakukutosha. Msimamizi angewatambua hata kwa viatu, na kesho yake lango lisingewafungukia. Ilibidi marehemu atolewe peke yake, kwa kufuata umbo lake lote: sikio, kiwiko, na nyaya zilizochomoza huku na huku kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

"Shemeji, ile programu ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?" mjane akauliza.

"Ile? Ile ya chekechea, shemeji. Unabofya nukta, nukta, nukta, kama unapanda mahindi. Ngoja hii, inakata yenyewe, kufumba na kufumbua."

Ilikata kweli. Ilimwachia marehemu kichwa, ikamla mkono. Ya tano ilidai usajili. Ya sita iligoma kufunguka. Profesa akageukia ukurasa wa kulinganisha programu, akawa anasoma nyota na majedwali kwa sauti.

"Wewe, kaka yako unamtoa pichani au unamtafutia mchumba?"

"Kazi nzuri haitaki haraka, shemeji."

"Na meneja umemwambia hivyo?"

Profesa akacheka, akaifungua picha upya, macho akiyapeleka dirishani. Hapo mjane akang'amua: kila picha ilipofunguka, shemeji yake aliukwepa uso wa kaka yake. Alikuwa radhi kutafuta kisu mwaka mzima, mradi asikate. Akamwonea huruma. Lakini huruma haichapishi bango.

Saa tano Profesa alipotoka kwenda kununua vocha ya intaneti ili apakue ya saba, mjane akavuta kiti. Kompyuta aliijua kwa kuandikia oda za wateja tu. Ila alikuwa mshonaji, na kola na makwapa alikuwa ameyakata miaka ishirini. Akafungua ile ya chekechea. Nukta chini ya sikio, nukta shingoni. Penye mpindo akazisogeza karibukaribu, kama apigavyo chaki kwenye kitambaa, paliponyooka akaziachanisha. Akikosea, anafuta moja, anarudi. Nyaya alizifuata mmoja mmoja, akimsemesha mumewe kimoyomoyo: tulia, usitikisike.

Begani vilibaki vidole vinne vya mwenzake. Kuvitoa kungelila bega. Akaviacha; vidole havina jina.

Profesa aliporudi alimkuta kaka yake amesimama peke yake kwenye weupe. Akakaa sakafuni, vocha mkononi.

"Sikio umelipunja, shemeji," akasema, sasa akimtazama kaka yake usoni.

"Hana la kusikilizia tena. Nyanyuka, saa sita na nusu hii!"

Saa nane meneja alisoma karatasi yake mpaka penye "mpita njia", akainua macho. Mbele yake, kwenye bango waliloliinua mjane na Profesa, marehemu alikuwa mrefu kama mlango, nembo begani wazi kama jua la mchana.

"Mpita njia huyu," mwandishi mmoja akauliza, "bunda lenu la waya alipewa na nani?"

Meneja akaigeuza karatasi. Nyuma haikuwa na kitu.

Wanyonge tumezikwa na uongo mara nyingi, si kwa kukosa zana, bali kwa kukaa tukizilinganisha huku wenye viwanda wakiandika historia yetu. Mjane alishika iliyokuwapo, akalima. Kweli, mchagua jembe si mkulima.